Iulize Kompyuta Yako Kabla ya Kumlipa Fundi

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu.)

Kipindi cha leo tumekitayarisha Bukoto, hapa Kampala, ukitoka Kamwokya kuelekea Ntinda. Lakini maneno ni ya wote: wewe uliyeko Nakivale, Kyaka II, Kyangwali, Rwamwanja, na wewe unayepanga chumba mjini.

Leo tunazungumzia kompyuta ya mezani, ile yenye sanduku lake na skrini yake, ambayo sisi tuliotoka Kongo tumezoea kuiita ordinateri. Utaikuta kwenye chumba cha mafunzo cha vijana, kwenye kibanda cha kuchapa na fotokopi, kwenye ofisi ya kanisa au ya chama cha akina mama. Nyingi zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika. Na sasa nyingi zinaonyesha ujumbe kwenye skrini kwamba Windows 10 imefika mwisho. Mwenye kompyuta anabaki na maswali: Niitupe? Ninunue nyingine? Nimlipe fundi aniwekee Windows 11?

Jibu letu ni hili: usimlipe mtu yeyote kabla hujaiuliza mashine yenyewe. Itakujibu ndani ya dakika kumi, bila intaneti na bila kukutoza hata shilingi moja. Chukua kalamu.

KITU GANI KIMEKWISHA?

Windows ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoamsha kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Iliyofuata, Windows 11, ilikuwa imeshatoka tangu Oktoba 2021.

Kuacha kuhudumia si kuzima. Kompyuta yako bado itawaka na barua zako bado zitafunguka. Fikiria turubai la nyumba. Siku shirika linapoacha kuleta turubai, nyumba haianguki siku hiyo, unaendelea kulala ndani. Lakini kila tundu jipya linabaki wazi, na mvua haibishi hodi.

Matundu ya kompyuta ni makosa ndani ya programu, ambayo wezi huyatafuta kila siku. Mfumo unaohudumiwa hupata viraka vya kuyaziba. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilisambaa kwa siku chache katika nchi zaidi ya 150. Ilifunga mafaili ya watu na kudai pesa ili iyafungue. Hospitali nyingi za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetoka mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimekipokea.

Sasa jiulize kuna nini ndani ya kompyuta ya kikundi chako. Picha ya karatasi ya familia inayotolewa na OPM. Vyeti vya shule vilivyobaki nakala moja tu duniani. Barua pepe ya mtu anayesubiri jibu la kesi yake. Hizo si mali zako peke yako. Majirani walikuamini walipokuja kuchapisha kwako.

MASWALI MATANO

Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R. Kitatokea kisanduku kidogo. Andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Utaona ukurasa wenye mistari mingi. Usiogope, tunatafuta mistari michache tu. Iandike kwenye daftari kama ilivyo.

Swali la kwanza: prosesa yako ni ipi? Huo ndio ubongo wa mashine. Tazama mstari ulioandikwa "Processor" na unakili jina na namba yote. Hapa ndipo mashine nyingi za zamani hukwama, kwa hiyo tutalirudia swali hili baada ya muda mfupi.

Swali la pili: RAM ni kiasi gani? Ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, kama meza ambayo unatandaza karatasi zako. Tazama "Installed Physical Memory". Windows 11 inataka GB 4 au zaidi. GB 4 zinatosha kuipitisha, lakini mwendo utakuwa wa pole. GB 8 ni nafuu zaidi.

Swali la tatu: diski ina nafasi gani? Fungua "This PC" na utazame diski C. Inatakiwa iwe na ukubwa wa GB 64 au zaidi, na humo lazima ibaki nafasi wazi ya kusakinishia.

Swali la nne: mashine inawaka kwa njia gani? Rudi kwenye ule ukurasa, tazama "BIOS Mode". Jibu litakuwa "UEFI" au "Legacy". Windows 11 inataka UEFI, pamoja na ulinzi uitwao Secure Boot. Mfananishe na askari wa geti: anakagua kitambulisho cha kila programu kabla mfumo haujaamka, ili mgeni asiyejulikana asiingie gizani.

Swali la tano: je, kuna TPM? Hii ni sehemu ndogo ya ulinzi ndani ya mashine, kama kijisanduku chenye kufuli kinachotunza funguo za siri. Bonyeza tena Windows na R, andika tpm.msc, kisha Enter. Ikiwepo, tafuta maneno "Specification Version". Inatakiwa iwe 2.0. Ukiona 1.2, haitoshi. Ukiambiwa haikupatikana, subiri kwanza. Huenda ipo ila imezimwa. Tutaeleza.

Ukiwa na intaneti, Microsoft inayo programu ndogo ya bure iitwayo PC Health Check. Unaisakinisha, unabonyeza mara moja, inakuambia mashine imefaulu au imeanguka, na imeangukia wapi. Lakini kama bando limekwisha, maswali haya matano yatakufikisha karibu kabisa na jibu lile lile.

(Muziki mfupi.)

KUSOMA NAMBA YA PROSESA

Sasa turudi kwenye prosesa. Wauzaji wengi watakuambia, "Hii ni Core i5, ni kali!" Neno i5 peke yake halitoshi. Ni kama kumwambia mtu kwamba binti yako yuko shuleni bila kumwambia yuko darasa la ngapi. Darasa limeandikwa kwenye namba inayofuata.

Ukiona i5-4590, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 4. Hicho ni kizazi cha 4. Ukiona i5-7500, ni kizazi cha 7. Ukiona i5-8500, ni kizazi cha 8. Namba ikiwa na tarakimu tano, soma mbili za mwanzo: i3-10100 ni kizazi cha 10.

Kwa prosesa za Intel Core, Windows 11 inaanzia kizazi cha 8. Vya chini ya hapo havimo kwenye orodha, isipokuwa vichache sana ambavyo huwezi kuvikuta kwenye kompyuta za kawaida za ofisi. Kwa prosesa za AMD, nyingi zinazokubaliwa ni Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, lakini si zote za mfululizo huo. Ukiwa na AMD, hakikisha kwa PC Health Check.

Kwa hiyo i7 ya kizazi cha 4 itakataliwa, na i3 ya kizazi cha 8 itakubaliwa. Ukubwa wa jina si hoja, hoja ni kizazi.

MASHINE TATU ZA BUKOTO

Hapa Bukoto tulikaa na vijana wa kikundi kimoja wanaofundishana kompyuta kwenye chumba cha kupanga. Wana kompyuta tatu za mezani, zote Dell OptiPlex, zote nyeusi, zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Fundi mmoja alikuwa amewaambia walipe pesa ya kuongeza RAM kwenye zote tatu, kisha awawekee Windows 11. Walikuwa wameanza kuchangishana. Tukawaomba wasubiri, tukaziuliza mashine zenyewe.

Ya kwanza ni OptiPlex 3020. Prosesa: i5-4590, kizazi cha 4. TPM: haikupatikana. Hata ungeijazia RAM mpaka mwisho, bado isingefaulu, kwa sababu tatizo lake halikuwa RAM.

Ya pili ni OptiPlex 3050. Prosesa: i5-7500, kizazi cha 7. TPM 2.0 ipo. RAM GB 8. Imefaulu karibu kila swali, lakini prosesa yake haimo kwenye orodha. Imeanguka kwa kizazi kimoja tu.

Ya tatu ni OptiPlex 3060. Prosesa: i5-8500, kizazi cha 8. UEFI ipo. Lakini TPM ikasema haikupatikana. Hapo mtu angekata tamaa, kumbe ilikuwa imezimwa tu. Tuliiwasha upya mashine huku tukigonga F2, tukaingia kwenye mipangilio yake ya ndani, tukafungua sehemu ya usalama, tukaiwasha TPM, tukahifadhi. Mara ya pili ikajibu 2.0. Ilikuwa inafaa tangu mwanzo.

Kwenye HP nyingi utagonga F10 badala ya F2, na kwenye Lenovo nyingi ni F1. Mashine nyingine hazitumii neno TPM. Kwa Intel tafuta PTT, kwa AMD tafuta fTPM.

Hivyo mashine tatu zinazofanana kwa macho zilitoa majibu matatu tofauti. Pesa ya RAM haikuhitajika ili hata moja ifaulu. Wameiweka kwenye akiba ya kulipia Yaka, maana bila umeme hakuna somo.

NJIA TATU

Njia ya kwanza, mashine imefaulu. Kama Windows 10 yako ni halali, kuhamia Windows 11 ni bure. Unaingia kwenye "Settings", kisha "Windows Update", unafuata maelekezo. Fundi akikusaidia, mlipe kazi ya mikono yake, lakini usikubali kulipia Windows ambayo tayari ni haki yako.

Angalizo moja: kama swali la nne lilijibu "Legacy", usibadilishe tu kuwa UEFI ukadhani umemaliza. Mpangilio wa diski nao lazima ubadilishwe kwanza, la sivyo kompyuta haitawaka. Kazi hiyo mwachie anayeijua, na uhifadhi mafaili yako kabla hajaigusa.

Njia ya pili, mashine imeanguka lakini bado unaihitaji Windows. Microsoft ilitangaza mwaka mmoja wa ziada wa viraka kwa watu binafsi wenye Windows 10 toleo la 22H2. Mwaka huo unaishia tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kupitia "Windows Update" ukiwa na akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, hulipi chochote. Njia nyingine ni kulipa dola 30 za Marekani. Ili ujue toleo lako, bonyeza Windows na R, andika winver. Elewa lakini kwamba hii ni njia ya kununua muda tu.

Njia ya tatu, badilisha mfumo. Kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 haijafa. Ipo mifumo ya Linux, ambayo ni ya bure na inahudumiwa. Mmoja unaitwa Ubuntu, ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo sisi hatuhitaji kufasiriwa: kwa Kiswahili ni utu, na majirani zetu Waganda hapa wanasema obuntubulamu. Mwingine ni Linux Mint, ambao mtu aliyezoea Windows huuona si mgeni sana. Matoleo ya Linux Mint 22 yatahudumiwa mpaka mwaka 2029. Yanaomba RAM GB 2 tu kama kiwango cha chini, ingawa GB 4 ni bora. Ile OptiPlex 3020 iliyokataliwa sasa inafanya kazi na Linux Mint, na vijana wanaandikia barua kwa LibreOffice, ambayo inafungua mafaili ya Word.

Uzuri wa Linux kwetu sisi ni huu: unaruhusiwa kuinakili na kumpa jirani. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri Kampala anaweza kuipakua kutoka tovuti yake rasmi, akaiweka kwenye flashi ya GB 8, akapanda basi mpaka kambini, na flashi hiyo moja ikahudumia kompyuta za kikundi kizima. Huo si wizi, ndivyo waliotengeneza walivyotaka.

Na unaweza kuionja kabla ya kuikubali. Unachomeka flashi, unawasha kompyuta huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, unachagua flashi. Linux inafunguka bila kugusa diski yako, mradi tu usibonyeze "Install". Jaribu printa yako, jaribu sauti, jaribu intaneti. Kama kazi yako inategemea programu ya Windows peke yake, kwa mfano ile ya kupanga kurasa ambayo wachapaji wa Nasser Road wanakutaka uitumie, huenda ikakataa kwenye Linux. Ni afadhali kulijua hilo kabla hujafuta chochote.

(Muziki mfupi.)

MANENO YA KUYASIKILIZA KWA MAKINI

Mafundi wengi ni watu waaminifu na wanatusaidia. Lakini ukisikia mojawapo ya maneno haya, uliza zaidi.

"Tukiongeza RAM itakubali." Inawezekana tu kama RAM ndiyo iliyokwama. RAM haibadilishi kizazi cha prosesa. Hata diski ya SSD, ambayo kweli itaifanya mashine ya zamani ikimbie, haibadilishi kizazi.

"Naweza kuilazimisha." Ni kweli, zipo njia za kuiingiza Windows 11 kwenye mashine isiyofaa, na itawaka mbele yako wakati unalipa. Lakini Microsoft inasema haitoi uhakika kwamba mashine hiyo itapata viraka, na viraka ndivyo ulivyokuwa unavitafuta. Zaidi ya hayo, toleo la 24H2 la mwaka 2024 halikubali kabisa kuwaka kwenye prosesa za zamani sana kama Core 2 Duo.

"Niachie mashine, rudi kesho." Usiache kompyuta yenye karatasi za watu bila kuzitoa kwanza. Si lazima fundi awe mwizi. Inatosha nakala ibaki kwenye mashine yake, na mashine yake iibiwe.

Na wewe unayekwenda mjini kununua iliyotumika, peleka maswali haya matano dukani. Omba iwashwe, andika msinfo32 mwenyewe, soma kizazi kabla ya kutoa pesa. OptiPlex 3050 na 3060 zinaweza kukaa rafu moja, lakini umeshajua kilichomo ndani si sawa. Vivyo hivyo kwa HP EliteDesk 800: G3 ni ya kizazi cha 6 na cha 7, na G4 inaanzia kizazi cha 8.

KABLA YA KUBONYEZA

Njia yoyote utakayochagua, fanya mambo matatu.

Kwanza, nakili mafaili yote mahali pawili tofauti, kwa mfano flashi na diski ya nje. Yafungue huko uone kweli yanafunguka. Flashi moja inapotea.

Pili, hakikisha umeme. Angalia salio la Yaka, au kama mnatumia sola, anza asubuhi jua likiwa njiani kupanda. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, mashine inaweza kubaki haina mfumo wowote.

Tatu, kama unaamua kuiuza au kuitoa mashine, futa diski yake kabisa au ichomoe ubaki nayo. Kutupa faili kwenye pipa la skrini si kufuta. Mtu mwingine anaweza kulirudisha.

Ndugu msikilizaji, kwa ufupi: prosesa, RAM, diski, namna ya kuwaka, TPM. Andika majibu matano kwenye karatasi na uyabandike juu ya sanduku la kompyuta. Atakayekuja na ushauri, msomee karatasi hiyo kwanza. Na wakati unaendelea kuamua, hamisha leo zile karatasi za majirani kutoka kwenye mashine isiyopata viraka. Mashine inaweza kungoja mpaka mwezi ujao. Cheti chenye nakala moja kisingojeshwe.

Ukiwa na swali, liandike na umpe msomaji wa kikundi chako cha kusikiliza, pamoja na namba kamili ya prosesa yako. Tutalijibu hewani.

(Muziki wa kufunga kipindi.)